Kiwango cha ubainishaji: tunahesabu nini polisi wanapompata mhusika

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, polisi wa Marekani walitangaza kwamba katika kila mauaji kumi yaliyoripotiwa, zaidi ya tisa yalikuwa yamepata mtu wa kushtakiwa. Kufikia 2020 na 2021 hesabu hiyohiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu. Katikati ya miaka hiyo sitini walipata kompyuta, kamera za barabarani, kumbukumbu za simu na vipimo vya vinasaba, vitu ambavyo mpelelezi wa 1960 hakuviota hata ndotoni. Basi kilichoshuka ni nini? Ni ustadi wa wapelelezi, ni idadi yao, ni imani ya mashahidi, au ni namna ya kuhesabu? Hatuwezi kujibu kabla ya kujua kipimo chenyewe kinapima nini. Nasi wasemaji wa Kiswahili tuna kazi ya ziada ya kukipa jina, maana leo kinaandikwa hivi na kesho vile, na kila jina linamwahidi msomaji jambo tofauti.

Hesabu yake ni nyepesi. Unachukua kesi ambazo polisi wameridhika kwamba wamempata mhusika, unazigawa kwa kesi zote zilizoandikishwa katika kipindi hicho, kisha unazidisha kwa mia. Waingereza walikiita kwa neno lenye asili ya Kilatini, detegere, yaani kuondoa kifuniko ili kilicho chini kionekane. Wamarekani walichukua neno la kusafisha: jalada limeondoka mezani. Kwa maoni yangu Wamarekani walikuwa wakweli zaidi, kwa sababu kinachohesabiwa hasa ni hatua ya kiofisi. FBI, ambayo imekuwa ikikusanya takwimu za uhalifu kutoka vituo vya polisi vya nchi nzima tangu 1930, inahesabu kesi kuwa imeondoka mezani pale ambapo angalau mtu mmoja amekamatwa, ameshtakiwa na amekabidhiwa kwa mahakama. Ipo pia njia ya pekee: polisi wanamjua mhusika, wana ushahidi wa kutosha, wanajua alipo, lakini kuna jambo lililo nje ya uwezo wao linalozuia kumkamata. Huenda amekufa, huenda nchi alikokimbilia imekataa kumrudisha, huenda aliyetendewa amegoma kuendelea na kesi.

Ndani ya kanuni hizo kuna mambo ambayo msomaji wa gazeti hayaoni. Mtu mmoja akikamatwa anaweza kuondoa kesi ishirini kwa mkupuo, na watu ishirini wakikamatwa kwa tukio moja wanaondoa kesi moja tu. Mauaji ya mwaka juzi yakipata mtuhumiwa mwaka huu, yanahesabiwa katika mafanikio ya mwaka huu. Mji mdogo wenye mauaji machache unaweza kutangaza zaidi ya asilimia 100 bila mtu yeyote kudanganya. Na kubwa kuliko yote, hukumu haimo. Mahakama ikimwachia huru mshtakiwa baada ya miaka minne, ile kesi inabaki palepale katika safu ya mafanikio.

Hapo ndipo tafsiri zetu zinapopotea. Jina linalokuja haraka mdomoni ni kiwango cha ugunduzi wa uhalifu. Lakini kwa Kiswahili, kugundua uhalifu ni kujua kwamba uhalifu umetendeka. Mwili ukikutwa kisimani, uhalifu umegunduliwa, aliyeutenda hajulikani. Jina hilo linataja mwanzo wa kazi ilhali kipimo kinahusu mwisho wake. Jina la pili, kiwango cha utatuzi wa kesi, lina sauti nzuri na linapendwa, nami nalipinga kwa nguvu zaidi kuliko lile la kwanza. Familia ya marehemu ikiambiwa kesi imetatuliwa, inaelewa kwamba muuaji amejulikana bila shaka na haki iko njiani. Mahakama ikimwachia aliyekamatwa, familia inaamini imesalitiwa, pengine kwa rushwa, kumbe tangu siku ile ya kwanza hakuna kilichotatuliwa. Mtu alikuwa ameshtakiwa, basi. Na yule aliyekamatwa naye ameshahukumiwa na neno kabla ya jaji kuvaa joho. Kuhusu kufumbua na kutegua, ni maneno ya vitendawili. Aliyefiwa hana fumbo mkononi, ana msiba.

Kuna wanaopendekeza kiwango cha upelelezi uliokamilika. Yeyote aliyewahi kufuatilia kesi ya mauaji katika Mahakama ya Hakimu Mkazi nchini Tanzania anajua kwa nini jina hili halifai. Mshtakiwa analetwa kutoka mahabusu, wakili wa Serikali anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, na wiki mbili baadaye maneno ni yaleyale. Pale mtuhumiwa yupo, ana jina na namba ya mahabusu, na upelelezi bado unaendelea. Kinyume chake pia hutokea, na Waingereza wamekiandika rasmi: katika orodha yao ya matokeo ya kesi, tokeo namba 18 lina maana kwamba upelelezi umekamilika na hakuna mtuhumiwa aliyebainika. Kukamilika ni jambo moja na kumpata mtu ni jambo jingine.

Nimeshalitumia neno ninalolitetea. Kubaini ni ndugu wa bayana, yote mawili yakiwa na asili moja ya Kiarabu yenye maana ya kuwa wazi, na polisi wetu wenyewe hulitumia kila siku: watuhumiwa wamebainika, tumembaini mhusika. Kwa hiyo jina kamili liwe kiwango cha ubainishaji wa watuhumiwa, na kwa mkato kiwango cha ubainishaji. Linasema kwamba mtu fulani ametengwa na wengine akaonekana wazi machoni pa polisi. Halisemi kwamba ni yeye kweli. Kazi ya kusema hivyo ni ya mahakama, na neno mtuhumiwa ndani ya istilahi linamkumbusha msomaji kila mara. Kenya wangesema kiwango cha ubainishaji wa washukiwa, kwa sababu huko mshukiwa ndilo neno la kawaida kwa mtu ambaye hajafikishwa mahakamani, maana haibadiliki. Kosa ambalo halivumiliki, iwe Nairobi au Dodoma, ni kuandika mhalifu mahali pa mtuhumiwa.

Tukishakuwa na jina, tunaweza kurudi kwenye swali la rasilimali, na hapo nawapeleka wasomaji Uingereza, kwa sababu huko mabishano haya yamefanywa hadharani kwa miaka mingi na hesabu zimewekwa mezani. Kati ya 2010 na 2018, askari wa Uingereza na Wales walipungua kwa takriban 20,000 baada ya Serikali kubana matumizi. Sehemu ya makosa yaliyoishia kwa mtu kushtakiwa ilikuwa kama asilimia 15 katika mwaka ulioishia Machi 2015, na kufikia 2022 ilikuwa chini ya 6. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, jibu linaonekana limejiandika lenyewe: askari wamepungua, ubainishaji umeporomoka. Wanasiasa wengi walisimama hapo.

Ukweli una sehemu nyingine. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba kama moja ya tano ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi hayakuwa yakiandikishwa kabisa. Kwa makosa ya ngono ilikuwa zaidi ya robo, na kwa makosa ya ukatili dhidi ya watu ilikaribia theluthi moja. Mwanamke alikwenda kituoni akasema amebakwa, na katika vitabu vya Serikali hakuna kilichotokea. Tayari Januari mwaka huohuo takwimu za uhalifu za polisi zilikuwa zimenyang'anywa hadhi ya kuwa takwimu rasmi za kitaifa zinazoaminika. Vituo viliposhurutishwa kuandika kila kosa, idadi ya chini katika ule mgawanyo ilipanda, na asilimia ikashuka hata pale ambapo kazi ya wapelelezi haikubadilika. Sehemu ya anguko lile, basi, ilikuwa ni ukweli unaoingia kwenye vitabu. Naona ni jambo la kusikitisha kwamba kituo kinachowasikiliza wahanga kinaonekana dhaifu kwenye jedwali kuliko kile kinachowafukuza mlangoni, na sijui jedwali la nchi yoyote ambalo limeepuka mtego huo kikamilifu.

Kabla ya hapo kulikuwa na mtego wa upande wa pili. Katika miaka ya 2000 Serikali ya Uingereza iliwapa polisi malengo ya idadi ya makosa yanayopaswa kufikishwa kwenye haki. Onyo kwa kijana aliyekutwa na bangi lilihesabiwa kuwa kosa moja lililopata mwenyewe, na upelelezi wa miezi kumi wa mauaji ulihesabiwa vilevile kuwa kosa moja. Askari ni binadamu. Walikwenda kwenye bangi. Walikuwepo pia wafungwa waliotembelewa gerezani ili wakiri makosa mengine ya zamani, na kwa kukiri kwao majalada ya wizi wa majumbani yakaondoka mezani kwa makumi. Ndiyo maana kiwango cha ubainishaji cha makosa yote kwa pamoja hakina thamani kubwa. Mauaji yahesabiwe peke yake, ubakaji peke yake, ujambazi wa silaha peke yake, na atakayetangaza hesabu moja ya jumla aulizwe imejengwa na nini.

Je, pesa na watu vinasaidia? Mwaka 1975 taasisi ya RAND ya Marekani ilitoa utafiti uliowaudhi wapelelezi wa nchi ile. Peter Greenwood na wenzake walichunguza kazi za idara za upelelezi na wakaona kwamba jambo linaloamua zaidi kama kesi itapata mtuhumiwa ni taarifa ambazo aliyetendewa anampa askari wa doria wa kwanza kufika. Zaidi ya nusu ya makosa makubwa yalipitiwa juujuu tu na wapelelezi, na mengi yaliyofanikiwa yalifanikiwa kwa sababu jina lilikuwa tayari limeshatajwa. Kwa miongo kadhaa utafiti huo ulinukuliwa kama ithibati kwamba kuongeza wapelelezi ni kutupa fedha.

Jibu lililonishawishi lilitoka Boston. Philip Cook, Anthony Braga na wenzao walilinganisha mauaji ya bunduki na matukio ambayo mtu alipigwa risasi akapona, kati ya 2010 na 2014. Ni uhalifu wa namna moja: silaha zilezile, mitaa ileile, magenge yaleyale, na aliyepona mara nyingi amepona kwa bahati ya risasi kupita pembeni kidogo. Hata hivyo mauaji yalipata mtuhumiwa kwa asilimia 43, na yale mengine kwa asilimia 19. Watafiti walipofungua majalada waliona kwamba sehemu kubwa ya tofauti haikutokana na siku mbili za kwanza. Ilitokana na kilichofuata. Kwenye mauaji, wapelelezi waliendelea kurudi mtaani, kutafuta mashahidi wengine, kupeleka maganda ya risasi na sampuli maabara, kumbembeleza shahidi aliyekataa mara ya kwanza. Kwenye kesi ya aliyepona, mpelelezi alikuwa tayari ameshapewa jalada jingine. Utafiti wa Braga na Desiree Dusseault, uliochapishwa 2018, ulionyesha pia kwamba kikosi cha mauaji cha Boston kilipoongezewa wapelelezi, mafunzo na msaada wa kitaalamu, kiwango chake cha ubainishaji kilipanda.

Kwa hiyo hawa na wale wa 1975 hawapingani sana kama inavyodhaniwa. Kesi rahisi hujimaliza zenyewe siku ya kwanza, na kwa kesi hizo mpelelezi wa ziada hana la kuongeza. Rasilimali za upelelezi hununua siku ya tatu, na wiki ya tatu. Nchi inayowapa wapelelezi wake majalada mengi kuliko saa za kazi imeamua, pengine bila kujua, kwamba kesi ngumu hazitapata mtu. Uingereza iliajiri askari 20,000 kati ya 2019 na 2023 kufidia pengo lile, lakini mpelelezi mzoefu hapatikani kwa tangazo la ajira. Aliyeondoka 2012 aliondoka na miaka ishirini ya kuwajua watu wa eneo lake.

Hata saa zikiwepo, zinaweza kupotea. Kati ya 1975 na 1980 wanawake 13 waliuawa kaskazini mwa Uingereza na mtu mmoja, Peter Sutcliffe. Hakuna aliyeweza kusema polisi wa West Yorkshire walinyimwa watu: mamia ya askari, miaka mitano, kadi nyingi za kumbukumbu kiasi kwamba sakafu ya chumba cha operesheni katika kituo cha Millgarth, Leeds, ilibidi iimarishwe isibomoke kwa uzito wa karatasi. Sutcliffe alihojiwa mara tisa. Jina lake lilikuwa kwenye kadi hii na kadi ile, lakini kadi hazikukutanishwa. Mwaka 1979 polisi walipokea kanda ya sauti ya mtu aliyejidai kuwa ndiye muuaji, na kwa sababu lafudhi yake ilikuwa ya eneo la Sunderland, watuhumiwa wasio na lafudhi hiyo waliwekwa kando, Sutcliffe akiwemo. Wanawake wengine waliuawa baada ya hapo. Alikamatwa Januari 2, 1981 mjini Sheffield, na askari wawili wa kawaida wa doria walioona kwamba namba za gari lake ni za bandia. Uchunguzi ulioongozwa na Lawrence Byford ndio uliosukuma mfumo wa kompyuta wa kuunganisha taarifa za kesi kubwa, ambao vikosi vya Uingereza vilianza kuutumia katikati ya miaka ya 1980.

Tanzania na Kenya zimerithi mpangilio wa upelelezi kutoka kwa Mwingereza, pamoja na mazoea yake ya majalada, hivyo mambo haya si ya mbali. Kenya ilifungua maabara yake ya taifa ya uchunguzi wa kisayansi wa jinai mwaka 2022, kwenye makao makuu ya DCI, idara yake ya upelelezi wa jinai. Tanzania ina Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Lakini maabara haiendi mtaani. Anayekwenda ni askari wa upelelezi wa wilaya, aliye chini ya mkuu wa upelelezi wa wilaya (OC-CID), mwenye majalada ya wizi wa mifugo, ubakaji, mirathi iliyogeuka mapanga, na mauaji, yote mezani pake kwa wakati mmoja. Ukimuuliza siku ya tatu ya kila jalada iko wapi, umemuuliza swali ambalo bajeti ndiyo inapaswa kulijibu.

Liko jambo moja zaidi ambalo kiwango cha ubainishaji hakilioni hata kikihesabiwa kwa uaminifu wote, na kwetu lina majeraha. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na viungo vyao kukatwa. Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana, hukumu ya kwanza ya aina yake. Katika jedwali la polisi, kesi kama hiyo imepata watuhumiwa, imekwisha. Lakini viungo vilikuwa na mnunuzi. Kulikuwa na mganga aliyeagiza na mteja mwenye fedha aliyemwendea mganga, na hao kuonekana kizimbani kulikuwa nadra mno. Kanuni inasema mtu mmoja akishtakiwa inatosha. Kwa mauaji ya kulipwa, mtu mmoja ni yule aliyeshika panga, na ndiye rahisi kuliko wote kupatikana. Ningependa taarifa za polisi kuhusu uhalifu wa namna hii ziwe na safu ya pili, ya kesi ambazo aliyetuma naye amebainishwa. Safu hiyo ingekuwa na sifuri nyingi, na sifuri hizo ndizo zingelionyesha Bunge mahali pa kupeleka fedha.

Limebaki jina la kesi zilizokosa mtu. Wengine wanatafsiri kutoka Kiingereza na kuziita kesi baridi, na sijui msomaji wa Kiswahili aelewe nini hapo. Kesi iliyofungwa nayo haifai, kwa sababu mauaji hayana ukomo wa muda kisheria, Uingereza wala Tanzania. Ofisi inaweza kuacha kulishughulikia jalada, lakini sheria haijaliacha. Watu wanasema faili limelala, na nadhani tusitafute mbali: kesi iliyolala. Kinacholala huamka. Yule aliyetuma kanda ya sauti mwaka 1979 na kuwapotosha polisi wa West Yorkshire alikaa bila kujulikana kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 2005 wapelelezi walitoa bahasha moja kati ya alizotuma, maabara ikapima mate yaliyokaukia kwenye gundi, na vinasaba vikaoana na vya mkazi mmoja wa Sunderland ambaye sampuli yake ilikuwa imechukuliwa miaka michache kabla, alipokamatwa kwa ulevi. Machi 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka minane.